Mvumo wa nyuma wa Hilux: kisa cha difu iliyosingiziwa

Hilux ile ilifika gereji ikiwa imeshahukumiwa. Mzee mwenye gari alishuka, akafunga mlango taratibu, akaniambia, "Kijana, sikuja kuuliza inaumwa nini. Difu imekufa. Nataka unifungie nyingine." Alikuwa ameshatoa advansi ya laki mbili kwa muuza spea za mtumba ili difu, yaani boksi la gia la katikati ya ekseli ya nyuma, isichukuliwe na mtu mwingine. Fundi mmoja wa barabarani alikuwa ameisikiliza gari ikipita, ikipita tu, akasema krauni na pinioni, gia mbili kuu za ndani ya difu, zimekwisha.

Huenda alikuwa sahihi. Gari linalovuma nyuma kweli linaweza kuwa na difu iliyokwisha. Lakini kufungua difu ya gari linalovuma bila kulipima ni sawa na kung'oa jino kwa sababu shavu limevimba. Nikamwomba mzee nusu siku.

Gari lenyewe ni Hilux ya zamani ya kebini moja, dizeli yenye injini aina ya 5L, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Nyuma kuna ekseli ngumu ya kipande kimoja, springi za bapa, breki za dramu. Kazi yake ni nyanya. Inapanda Mlima Kitonga na mifuko ya mbolea, inaingia mashambani Ilula, inalala huko ikisubiri nyanya zichumwe na kupangwa kwenye matenga, halafu inashuka nazo hadi Morogoro. Haya niliambiwa na dereva, kijana mpole ambaye mzee hakumpa nafasi ya kusema mpaka nilipomgeukia mwenyewe.

"Dogo, ulianza kuisikia lini?"

"Kabla ya Pasaka, fundi. Nilikuwa ndani ya Mikumi, vioo nimefunga. Nikadhani kuna lori nyuma yangu. Nikaangalia kioo, hakuna kitu."

Maelezo hayo yalinisaidia kuliko hukumu yote ya mtaani. Lori nyuma yake maana yake ni sauti nene, ya chini, isiyokatika. Nikamuuliza mengine. Je, inazidi ukipakia? Inazidi. Inasikika ukiwa hamsini? Kidogo. Inapiga kishindo ukiondoka au ukibadili gia? Hapana. Breki? Hapo akasita, akamwangalia mzee, akasema siku hizi ukikanyaga ghafla gari linavuta kulia. Mzee akasema hilo ni suala jingine. Nikaliandika.

Tukatoka Msamvu kushika barabara ya Dodoma, tukapita Kihonda hadi pale lami inaponyooka na magari yanapungua. Dereva aliendesha, mimi nikakaa kushoto bila redio na bila mazungumzo. Mzee alibaki gereji akinywa chai.

Mvumo ulianza kwenye kilomita 45 kwa saa, ukawa wazi kwenye 60, na kwenye 80 ukawa unajaza kebini yote. Nikamwambia ashike 60 kwa gia namba nne, kisha 60 ileile kwa gia namba tatu. Injini ikapandisha sauti, mvumo ukabaki palepale. Kwa hiyo haufuati injini, unafuata mwendo wa gari. Kisha sehemu tambarare nikamwambia atie nyutro na aache gari litembee lenyewe. (Mteremkoni usijaribu.) Mvumo ukaendelea vilevile, ukishuka polepole jinsi gari lilivyopungua mwendo.

Jaribio ninaloliamini zaidi kwa difu ni la kukanyaga na kuachia. Kwenye 80 unakanyaga mafuta ili gari livutwe, kisha unaachia kabisa ili injini ilishike, kisha unakanyaga kidogo tu, kiasi cha gari kutovutwa wala kushikwa. Ukivuta, meno ya krauni na pinioni yanabanana kwa upande mmoja, na ukiachia yanabanana kwa upande wa pili. Difu iliyokwisha meno haiwezi kuficha mabadiliko hayo: italia ukivuta ikanyamaza ukiachia, au kinyume chake, au italia kati ya 70 na 85 tu kisha itulie. Ya mzee ilikuwa na sauti moja katika hali zote tatu. Tulirudia mara nne.

Hapa nitaingiza hesabu kidogo, kwa sababu mimi huimba kwaya na masikio yangu yamezoea kutafuta noti. Baadaye gereji nilipiga chaki kwenye tairi la nyuma na kulisukuma gari mzunguko mmoja, likatembea mita 2 na sentimita 5. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 na kidogo kwa sekunde, yaani kila tairi linazunguka karibu mara 11 kwa sekunde. Difu hii ni ya meno 41 kwa 10. Meno 41 mara mizunguko hiyo ni kama migongano 444 kwa sekunde. Noti ya A ambayo mwalimu wetu hutupigia kwenye kinanda ina mitetemo 440. Kwa hiyo meno ya difu hii yangelia kwenye 80, yangelia kwa sauti ambayo mwimbaji angeweza kuidaka na kuimba juu yake. Nilichosikia mimi kilikuwa chini kabisa ya sauti ya besi wetu, mvumo wa nyuki ndani ya mtungi. Kitu kinachozunguka kwa mwendo wa tairi kinaweza kutoa sauti kama hiyo. Meno ya krauni hayawezi.

Zikabaki beringi za magurudumu, matairi, beringi za pembeni za difu ambazo nazo huzunguka kwa mwendo wa tairi, na kwa mbali beringi ya katikati ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, ingawa beringi hiyo huzunguka mara nne zaidi.

Tukajaribu kuyumba kushoto na kulia, taratibu, barabara ikiwa tupu. Wengi huliamini jaribio hili kama mahakama ya mwisho: gari likiinamia kulia na sauti ikazidi, beringi ya kulia imekufa. Kwa magurudumu ya mbele hunisaidia mara nyingi. Kwa ekseli ngumu ya nyuma ya Hilux sina imani nalo hivyo, kwani sauti husafiri ndani ya lile bomba la chuma kama maji kwenye mfereji, na beringi za mipira ya chuma zilizofungwa pale hubeba msukumo wa pembeni kutoka pande zote mbili. Tulipoyumba sauti ilibadilika kidogo sana. Mimi na dereva wote tulikubaliana kuwa inatoka kulia.

Tulikosea, na kosa langu ni kubwa kuliko lake.

Kabla ya kurudi tulipita sehemu yenye lami iliyochakaa, kisha tukarudi kwenye lami laini. Mvumo mkubwa haukubadilika, ila juu yake kulikuwa na mnguruno mwembamba uliopotea kwenye lami laini. Huo ni wa matairi. Nilipotambaza kiganja juu ya tairi la kulia nyuma, nikienda mbele ni laini, nikirudi nyuma linakwaruza kama msumeno. Meno ya tairi yameliwa upande mmoja. Nikahamisha matairi ya nyuma yakaenda mbele na ya mbele yakaja nyuma, nikasawazisha upepo, tukatoka tena kilomita chache. Mnguruno mwembamba ukahamia mbele kulia, karibu na miguu ya dereva. Mvumo mnene ukabaki nyuma. Basi kumbe kelele zilikuwa mbili, na ile ya tairi la kulia ndiyo iliyotuvuta masikio tukadhani yote inatoka kulia.

Nikainua nyuma yote, stendi mbili chini ya ekseli, vigingi kwenye matairi ya mbele, breki ya mkono imeachiwa, gia nyutro. Propela kwanza, maana haina gharama. Krosi zote, yaani viungo vya propela, hazina mchezo. Beringi ya katikati, nikishika mpira wake na kutikisa, imekaa. Flanji ya pinioni, pale propela inapofungwa kwenye difu, nikaivuta juu na chini kwa nguvu zote: hakuna kugonga, hakuna mafuta yanayovuja kwenye sili yake, ile pete ya kuzuia mafuta. Pinioni yenye beringi mbovu mara nyingi hucheza hapo, na mchezo huo unausikia mkononi kabla ya kuuona.

Kisha magurudumu. Tairi la kulia nilishika saa 12 na saa 6, nikatikisa. Limetulia. La kushoto vilevile limetulia, na hapo fundi mwenye haraka angesema beringi zote nzima. Beringi inaweza kuvuma miezi kabla ya kuanza kucheza. Nikamwita msaidizi wangu alizungushe tairi la kulia polepole kwa mkono, mimi nikaweka vidole vinne juu ya springi, karibu na yubolti. Laini kama kuzungusha sahani ndani ya maji. Tukahamia kushoto. Alipozungusha tu vidole vikaanza kuwasha: mtetemo mdogo, mkavu, wa chembechembe, kama mtu anayesaga mchanga chini ya bati. Nikamwita mzee aweke vidole vyake. Alisita kwa sababu ya shati jeupe, kisha akaweka. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na kulia hakuna hii?" Akazunguka mwenyewe kwenda kulia kuhakikisha.

Dramu ya kushoto ilipotoka, ile breki inayovuta kulia ikajieleza. Breki shuu za kushoto zilikuwa zimelowa mafuta meusi, na vumbi limegandamana juu yake kama ugali wa juzi. Upande wa kulia ulikuwa unashika breki peke yake. Mzee hakusema tena kwamba hilo ni suala jingine.

Kwenye Hilux hii hafu shafti, chuma kinachotoka difu hadi gurudumu, hutoka pamoja na beringi na sahani ya breki. Unafungua bomba la breki, waya wa breki ya mkono, na nati nne nyuma ya sahani, halafu unavuta. Ikigoma, unafunga dramu kinyumenyume na kuitumia kama nyundo ya kuvutia. Ilitoka kwa mvuto wa tatu. Nikaisimamisha kwenye benchi, nikazungusha beringi kwa mkono. Ililia kwa sauti ileile ya barabarani, ndogo tu.

Kuitoa beringi hiyo ni kazi ya subira. Inashikiliwa na pete ya chuma iliyobanwa kwa presi. Nikaipunguza pete kwa grainda upande mmoja hadi ibaki ganda jembamba, nikaacha kabla ya kugusa shafti, kisha patasi na pigo moja. Pete ikapasuka. Grainda ikigusa shafti hata kidogo, pale ndipo shafti itakapokatikia siku moja ikiwa na mzigo. Nimeona shafti kama hiyo, na aliyeikata alikuwa mtu mzoefu.

Beringi nikaipasua ili nione ndani, jambo ambalo wengi hawana muda nalo. Mipira ilikuwa 9. Kwenye ringi ya nje, upande wa chini unaobeba uzito, chuma kilikuwa kimeanza kubanduka maganda madogo, mengine kama nusu punje ya mchele. Lakini kilichonishika macho ni madoa ya kahawia kwenye njia ya mipira, yamepangana kwa nafasi sawa, kila doa pale mpira ulipokaa. Hizo ni alama za kutu ya beringi iliyosimama usiku na maji ndani yake, si za uzee. Asubuhi gari likiondoka, kila doa la kutu linakuwa shimo, na kila mpira unapita kila shimo. Kizimba cha mipira huzunguka kwa kama asilimia 40 ya mwendo wa shafti, kwa hiyo kwenye 80 mipira 9 hugonga sehemu moja ya ringi ya nje kama mara 39 kwa sekunde. Nyuki wa mtungini ndio hao.

Maji yaliingiaje? Hapo nilikuwa nimeshafika nusu ya kazi, na ningeweza kufunga beringi mpya nikapokea pesa. Beringi hiyo ingerudi kabla ya mvua zinazofuata.

Juu ya bomba la ekseli kuna kipumulio, kikofia kidogo cha chuma kisichozidi ncha ya kidole. Kazi yake ni kuruhusu hewa itoke difu inapopata moto na iingie inapopoa. Cha gari hili kilikuwa kimefunikwa na udongo uliokauka kama chungu. Nilikitoa, nikakiosha kwa nje, nikapuliza: hakipiti kitu. Sasa rudi kwenye safari ya dereva. Gari linapanda Kitonga na mbolea, difu inachemka, hewa ndani inapanuka na haina pa kutokea. Inasukuma mafuta yapenye sili ya hafu shafti iliyochoka, yanafika kwenye beringi yanaosha grisi, yanafika kwenye breki. Kisha gari lenye ekseli ya moto linafika Ilula na kuingia kwenye kijito cha shambani. Chuma kinapoa ghafla, hewa ndani inasinyaa, na kwa kuwa kipumulio kimeziba, ekseli inanyonya kupitia sili ileile. Mara hii inanyonya maji. Halafu gari linalala hapohapo usiku likisubiri nyanya.

Dereva alithibitisha kijito. "Maji yanafika wapi?" Akaonyesha katikati ya rimu.

Nikafungua boliti ya kumwagia mafuta ya difu. Yalitoka na ukungu, si chai ya maziwa kamili, bali chai iliyotiwa kijiko kimoja. Sumaku ya boliti ilikuwa na uji mweusi laini, ambao ni wa kawaida kwa difu iliyofanya kazi, bila maganda wala vipande vinavyong'aa. Mzee akauliza kwa nini tusiitoe difu tukaiangalia, maana shafti zikitoka zote kichwa chake kinatoka mbele bila shida. Kweli kinatoka. Lakini kuna sili ya pili, gasketi, na nusu siku nyingine, na hakuna ushahidi hata mmoja uliokuwa unaelekea huko. Nikamwambia tuifunge beringi, tutoke, na kama itavuma tena nitaitoa bure. Akakubali kwa haraka kuliko nilivyotegemea, pengine kwa sababu ya vidole vyake mwenyewe.

Beringi mpya iliingia kwa presi, nguvu ikipita kwenye ringi ya ndani tu. Ukisukuma kwa ringi ya nje unapitisha nguvu kwenye mipira, na unaweza kuiumiza beringi kabla haijaona barabara. Beringi feki ni tatizo jingine. Niliipokea kwenye boksi lake, nikalinganisha namba iliyochorwa kwenye chuma na ya boksi, nikaizungusha sikioni. Sili mpya pande zote mbili, breki shuu pande zote mbili kwa sababu breki hubadilishwa kwa jozi, breki zikatolewa hewa. Mafuta ya difu ya namba 90, daraja la GL-5, hadi yaguse ukingo wa tundu la kujazia. Kipumulio nikakiondoa kabisa, nikaweka nipeli na mpira mrefu uliopanda hadi juu ya chesisi, chini ya bodi, mdomo wake ukiangalia chini. Mpira huo ulikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote vya siku ile.

Beringi ya kulia nilishauri nayo ibadilishwe. Imepita kijito kilekile. Mzee alikataa, pesa yake ilikuwa kwenye advansi ya difu. Niliandika kwenye risiti kwamba haijabadilishwa na kwamba ikaguliwe baada ya mwezi. Kama ningekuwa mimi ningeibadilisha, lakini gari ni lake.

Jioni tulirudi barabara ya Dodoma, watatu sasa, mzee katikati akiwa amebanwa na goti lake kwenye gia. Kwenye 80 kulikuwa na injini, upepo wa dirishani, na mnguruno mwembamba wa lile tairi lenye meno mbele kulia. Dereva alikanyaga ghafla sehemu tupu na gari likasimama limenyooka. Mzee akauliza mnguruno ule ni nini. Nikamwambia tairi. Akasema tairi anaweza kuishi nalo.

Baada ya mwezi gari lilirudi. Mafuta ya difu yalikuwa na rangi yake bila ukungu. Nikainua nyuma, msaidizi akazungusha, nikaweka vidole. Kushoto kimya. Kulia palikuwa na kitu kidogo sana, si mchanga bado, kama unga. Mzee hakusubiri nimwambie aweke mkono, alikuwa ameshakunja shati.

Akaniuliza namba ya beringi, akaiandika nyuma ya risiti, akaondoka na bodaboda. Muuza spea alikuwa amekataa kumrudishia laki mbili zake, ila alikubali achukue bidhaa. Alirudi baada ya saa moja na beringi, sili, na tairi moja la mtumba begani kwa kijana aliyemsindikiza.

"Iliyobaki," akasema, "nimechukua mpira wa kipumulio wa gari la shemeji."